Nani Anashika Darasa la Nne B?

2 Machi

Mpwa wangu Profesa,

Kaa kwanza. Umekaa? Basi sikiliza: mjomba wako ameula! Nimezunguka miji tisa na mfuko wangu wa nyundo na misumari, nimelala kwenye vyumba ambavyo hata kunguni walikuwa wanalalamika, lakini bahati ya namna hii haijawahi kuniangukia. Nimeajiriwa kwenye shule kubwa, ya ghorofa mbili, yenye kengele ya umeme. Cheo changu ni Msimamizi Mkuu wa Samani. Lisome tena hilo kwa sauti ili dada yangu alisikie huko aliko: Msimamizi Mkuu wa Samani! Ofisi ninayo, ufunguo ninao, na kiti changu kinazunguka. Jana nilizunguka nacho mpaka karani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mkuu wa shule ni mtu mnene wa suti ya kijivu, na hapitishi jambo bila mimi. "Unaonaje, bwana?" ananiuliza. Mimi natazama dari kidogo, navuta pumzi, ndipo natoa jibu. Watu wenye vyeo hawajibu haraka, hilo nimejifunza zamani.

Huku wote wazima, yaani mimi na kikohozi changu, ambacho nacho ni kizima kabisa. Macho ya dada yangu yanaendeleaje? Bado anashona? Na wewe je? Chuo cha ualimu umemaliza mwaka juzi, hesabu unazimenya kama chungwa, na mpaka leo sijasikia kwamba umepata darasa. Haiwezekani mtoto wa dada yangu akae nyumbani wakati mimi nina ofisi. Niandikie, usinifiche kitu. Pitishia barua kwenye sanduku la shule, karani ataniletea mezani.

Najua nyumbani mnaniita Redio kwa kuwa sizimiki. Sawa. Sasa mmepata kituo cha taifa.

Mjomba wako mwenye cheo


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako tuliipata mchana, na nililisoma hilo la cheo kwa sauti kama ulivyoagiza. Mama aliweka cherehani kando akasema, "Redio hiyo, ipunguze sauti kwanza ndipo uisikilize." Lakini siku nzima alikuwa anatabasamu peke yake, na jioni majirani wa pande zote mbili walikuwa wameshajua una kiti kinachozunguka.

Macho yake si mabaya sana. Daktari amempa dawa ya matone. Kushona anashona, ila uzi haupiti tena kwenye tundu la sindano mpaka nimtungie. Kila asubuhi kabla sijatoka namtungia sindano kumi, nazichomeka kwenye pazia, anazichomoa moja moja.

Ndiyo, natoka kila asubuhi, mjomba, ila siendi kazini. Natafuta kazi. Nafasi za kudumu hazitangazwi. Zilizopo ni za kushikia: mwalimu ameugua, amejifungua, amefiwa. Nimeshapeleka bahasha shule kumi na saba. Kila mkuu ana daftari lake, anaandika jina lako, anasema asante. Kisha akikosa mwalimu hamtumii mtu ujumbe. Anachungulia getini saa moja kasorobo asubuhi, na yeyote wa kwenye daftari aliyesimama pale ndiye anayeingia darasani. Kwa hiyo kila Jumatatu nachagua geti moja kati ya kumi na saba. Ni bahati nasibu ya miguu. Yule rafiki yangu wa chuo, Miwani, naye anachagua lake. Tunaambizana jioni ya Jumapili ili tusigongane. Mwezi uliopita nilipata siku mbili kwa mwalimu aliyeumwa jino. Nilimwombea apone, mjomba, lakini si haraka vile.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi. Ili uingie kwenye orodha ya walimu wa kudumu lazima uonyeshe wiki kumi na mbili za darasani, kamili, Jumatatu mpaka Ijumaa, zenye saini ya mkuu wa shule. Siku mbili za jino hazihesabiki. Kwa miaka miwili nimekusanya wiki saba. Shule zinafungwa tarehe 31 Julai, fomu zinapokelewa mpaka tarehe 7 Agosti, kisha orodha inafungwa na haifunguliwi mpaka miaka mitatu ipite. Ninahitaji wiki tano, mjomba. Tano tu.

Mama anasema uvae kitu kifuani.

Mpwa wako


3 Aprili

Profesa wangu,

Marahaba, marahaba mara tano, moja kwa kila wiki unayoitaka. Kifua kimesikia salamu za mama yako kimeanza kutulia.

Wiki tano? Unaomba kikombe na mimi nimekaa juu ya pipa! Sikiliza. Hapa kuna mwalimu wa Darasa la Nne B, mwanamke mpole, na tumbo lake sasa linatangulia kuingia mlangoni, yeye anafuata. Anaanza likizo ya uzazi tarehe 4 Mei na harudi mpaka muhula ufungwe. Ni wiki kumi na tatu, mpwa wangu! Utazipata zako tano na nyingine utagawia wenye shida.

Nimeshaongea na Mkuu. Nilimwambia, "Bwana, ninaye mpwa wangu, ana cheti, hesabu kwake ni mchezo." Akaniambia, "Tutaona, fundi." Mimi nimekaa na wakubwa wa kila aina, kuanzia meneja wa kiwanda cha saruji mpaka tajiri mmoja aliyekuwa na mbwa mwenye mpishi wake. Mkubwa akisema tutaona, ujue ameshaona.

Kwa hiyo acha kusimama kwenye mageti ya watu kama mwenye deni. Fua nguo, noa kalamu, usubiri neno langu.

Msimamizi


18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, matone yanamsaidia. Ameanza kunishonea sketi mbili za kwenda nazo kwako, moja ya bluu na moja ya kahawia, anasema mwalimu asionekane na nguo ileile siku mbili mfululizo.

Lakini limetokea jambo, na nataka unijibu haraka. Jumatatu nilichagua geti la shule iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mkuu wa pale ni mama mmoja anayechomeka penseli kwenye nywele. Aliniita ndani. Mwalimu wake wa hesabu anakwenda kupasuliwa mguu. Ananipa wiki tano, kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei, saini atanipa. Saba na tano ni kumi na mbili. Hata mama ameshazihesabu kwa vifungo vya shati.

Anataka jibu mwisho Alhamisi tarehe 30. Nikikataa anayefuata kwenye daftari ni Miwani.

Mjomba, za kwako ni kumi na tatu, na ningekuwa karibu na wewe, na shule ya ghorofa mbili si mchezo kwenye fomu. Lakini hizi tano ninaziona kwa macho. Naomba uniambie neno moja la kweli. Kama nafasi yako ni ya uhakika, sema. Kama si ya uhakika, sema pia. Sitakasirika hata kidogo, na mama sitamwambia.

Mpwa wako


25 Aprili

Profesa!

Usikubali! Kiwanda cha sabuni? Utarudi nyumbani unatoa povu. Mtoto wa dada yangu ashikizwe wiki tano kama kiraka wakati nafasi ya muhula mzima ipo mikononi mwa mjomba wake? Mwambie huyo mama wa penseli asante sana, ampe huyo Miwani.

Mimi nimesema. Na mimi nikisema, shule hii inasikia.

Naandika mbio ili barua iwahi. Salamu kwa dada yangu.


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anauliza kama kikohozi kimeisha.

Barua yako ilifika Alhamisi ileile, saa sita mchana, bahasha imelowa upande mmoja. Nilikwenda kwa miguu mpaka kiwanda cha sabuni nikiwa nimeishika mkononi. Mama wa penseli aliniuliza, "Una uhakika, binti?" Nikamwambia, "Ninao. Mjomba wangu ni Msimamizi Mkuu wa Samani." Aliniangalia kidogo. Kisha akachomoa penseli kwenye nywele, akapiga mstari juu ya jina langu, taratibu, kama mtu asiyependa anachofanya.

Jumatatu Miwani aliingia darasani. Jioni alipita kunishukuru. Alikuwa na chaki kwenye mkono wa blauzi na hakuwa anajua.

Mjomba, tarehe 4 imepita. Mwalimu wako wa Nne B lazima ameshaondoka. Begi langu liko nyuma ya mlango, sketi zote mbili zimo ndani. Nije lini? Nisimame geti gani? Mbona kimya?

Mpwa wako


24 Mei

Mpwa wangu mpendwa sana,

Marahaba. Naanza kwa kumsalimu dada yangu, macho yake, cherehani yake, na pazia lenye sindano. Nasalimu pia majirani wa kulia, na wa kushoto, hata yule anayenidai maneno ya heshima tangu nilipomtania harusini kwake. Kikohozi kimehamia kwa karani. Huku mvua imenyesha siku tatu, ikaacha, ikanyesha tena. Mkuu amenunua suti nyingine, nayo ya kijivu.

Kuhusu lile jambo letu, usiwe na wasiwasi. Mkuu alisafiri. Aliporudi akapatwa na mafua. Mafua yalipokwisha kukawa na kikao. Mambo ya ofisi yana foleni zake, mpwa wangu, si kama geti. Natafuta saa nzuri ya kumwingia. Mkubwa unamwingia akishashiba.

Lakini nisaidie kitu kimoja kidogo. Nina rafiki yangu hapa, fundi mwenzangu wa zamani, mtu wa makamo. Anataka kujiendeleza kielimu, maskini. Amekwama kwenye hesabu za sehemu. Anasema ukichukua nusu ukajumlisha na theluthi moja, jibu lake ni mbili ya tano: juu moja na moja ni mbili, chini mbili na tatu ni tano. Nikamwambia mbona sawa. Lakini kuna mtu mwingine, mfupi hivi, mwenye pengo la jino, akamwambia, "Mbona mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu tuliyoanza nayo?" Rafiki yangu alitoka jasho. Kosa liko wapi? Andika kwa maneno mepesi, huyu rafiki yangu shule aliiachia darasa la tano.

Jibu la hili nilipate upesi, tafadhali. Anasubiriwa.

Mjomba


2 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema barua yako ya safari hii ina salamu nyingi kuliko habari, na kwamba ukiwa mdogo ulikuwa hivyohivyo ukivunja sahani.

Namjibu rafiki yako kwanza, kwa sababu mtu aliyekwama kwenye sehemu simwachi. Mwambie achukue ubao mmoja. Asijumlishe kitu kwanza. Aupime, auchore mistari, uwe vipande sita vilivyo sawa. Sasa nusu ya ubao huo ni vipande vingapi? Vitatu. Theluthi yake? Viwili. Avisukume pamoja: vipande vitano kati ya sita. Basi jibu ni tano ya sita, na limezidi nusu, kama alivyosema huyo mfupi mwenye pengo, ambaye naona ana akili sana. Kosa la rafiki yako ni kujumlisha vipande visivyolingana ukubwa. Yeye ni fundi, hawezi kusema mbao mbili ndefu na mbao tatu fupi ni mbao tano halafu akatengeneza nazo mlango. Aanze kwa kukata vipande viwe sawa, ndipo ahesabu. Na asiwaambie kanuni, kama kuna watu anaowaambia. Awape ubao waushike kwanza. Kanuni wataiomba wenyewe.

Sasa la kwangu. Nimeona nisikusubiri wewe na mafua ya watu. Nimemwandikia Mkuu wako moja kwa moja, nimeambatanisha nakala za vyeti. Usinikasirikie. Nimepiga hesabu: nikianza Jumatatu tarehe 29 Juni, nafika tarehe 31 Julai na wiki tano kamili, na wiki moja ya kupeleka fomu. Nikianza siku moja baada ya hapo, sina kitu. Hiyo ndiyo Jumatatu yangu ya mwisho, mjomba. Miwani anamaliza zake tano Ijumaa hii.

Mpwa wako


11 Juni

Profesa wa maprofesa!

Ubao umefanya kazi! Tulikata vipande sita, tukavipaka rangi, tukavipanga mezani. Walisukumana kuja mbele mpaka meza ikasogea. Yule mwenye pengo akasema, "Sasa ndiyo imekaa sawa," akapiga makofi, na wote wakapiga. Rafiki yangu, nakwambia, machozi yalimlengalenga. Mtu mzima mwenye ndevu! Hajawahi kupigiwa makofi na mtu yeyote tangu azaliwe, labda mama yake tu alipoanza kutembea.

Sasa wanataka kugawanya. Nusu kugawanya kwa robo. Rafiki yangu ameangalia kitabu, kitabu kinasema geuza ya pili juu chini halafu zidisha. Kwa nini igeuzwe? Imekosa nini? Niambie kabla ya Jumatano.

Lile jambo letu nalifuatilia. Salamu kwa dada yangu. Hizo habari za sahani azisahau, miaka arobaini imepita.

Mjomba


18 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Mkuu wako amenijibu. Barua yake ni ya mistari miwili, nakunakilia yote: "Darasa la Nne B lina mtu wa kulishika hadi muhula utakapofungwa, hivyo shule haihitaji mwalimu wa muda. Tunakutakia heri."

Nimeisoma mara nyingi. Kisha nimezitoa barua zako zote kwenye droo nikazipanga kwa tarehe juu ya kitanda. Rafiki yako fundi, mtu wa makamo, mwenye ndevu, aliyeacha shule darasa la tano. Walisukumana mpaka meza ikasogea. Wote wakapiga makofi. Rafiki yako huyo ana wanafunzi wangapi, mjomba?

Nilikuomba neno moja la kweli tarehe 18 Aprili. Nilikuahidi sitakasirika. Sasa nimekasirika. Nimekaa miezi miwili nyuma ya begi, nimemwachia mwenzangu wiki zangu kwa mkono wangu mwenyewe, nimemdanganya mama kwamba kila kitu kiko njiani. Sitaki salamu za majirani. Sitaki kikohozi. Nijibu kwa sentensi moja: nani anashika Darasa la Nne B?

Kuhusu kugawanya. Watoto hawana kosa. Usiwaambie wageuze kitu. Uliza hivi: kwenye nusu ya ubao unaweza kukata robo ngapi? Watahesabu, watasema mbili. Hiyo ndiyo kugawanya. Wafanye hivyo siku nzima, na moja ya nane, na tatu ya nne, mpaka wenyewe waone kwamba kugeuza ni njia ya mkato tu. Mwenye pengo mpe swali gumu zaidi, asichoke kukusubiri.

Mpwa wako


24 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii sijaitia posta. Nimempa dereva wa lori la mbao, anapita kwenu Ijumaa, ameapa ataiweka mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Kama ana harufu ya vitunguu msamehe, ndiyo chakula chake cha safari.

Mimi ndiye.

Hiyo ndiyo sentensi yako. Zinazofuata ni zangu, usiposoma sitakulaumu.

Niliitwa hapa kutengeneza madawati, mia moja na ishirini, mpaka yatakapokwisha. Tarehe 4 Mei asubuhi nilikuwa Nne B nagonga mguu wa dawati la mwisho nyuma. Mwalimu wao hayupo, kelele kama sokoni. Mkuu akachungulia dirishani, akasema, "Fundi, wakati unagonga, waangalie hawa." Nikawaangalia. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nyundo iko mkononi, msumari uko mdomoni, mtoto mmoja akasimama akaniuliza, "Mwalimu, tufungue ukurasa wa ngapi?"

Profesa, hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nimeitwa fundi, nimeitwa wewe, nimeitwa mengine ambayo siwezi kuyaandika mbele ya binti. Nikatema msumari nikasema, "Ishirini na saba." Sikujua ukurasa wa ishirini na saba una nini. Ulikuwa na sehemu.

Nilikwenda kwa Mkuu wiki ileile, naapa, nikamtajia wewe. Akasema, "Wa nini tena? Darasa limetulia, wewe unatosha." Na mimi badala ya kumbishia nikafurahi. Hapo ndipo nilipokukosea kuliko pote. Nilifurahi. Madawati yalikwisha tarehe 22 Mei, nikaendelea kuingia kila asubuhi nimechana ndevu. Kila Ijumaa najiambia Jumatatu nitasema. Jumatatu wananisubiri mlangoni, nasema nitasema Ijumaa. Barua zako nilikuwa nazo mfukoni, nazisoma chini ya meza kabla ya kuandika ubaoni. Watoto wale wamefundishwa na wewe, mimi nilikuwa mkono tu.

Na tarehe 25 Aprili, nilipokuandikia usikubali, sikuwa na ahadi ya mtu yeyote. Niliongea na Mkuu mara moja, getini, mguu wake mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. "Tutaona, fundi." Basi. Niliona haya kumwambia Profesa wangu kwamba mjomba hana uzito wowote hapa.

Jana barua yako ilifika saa nne. Niliwaacha Nne B wanakata robo, nikaenda ofisini. Nikamwambia, "Mkuu, kuanzia Jumatatu siingii tena darasani."

"Umepata kazi kwingine?"

"Hapana."

"Madawati yamekwisha, fundi. Ukitoka darasani, hapa huna kazi."

"Hiyo hesabu naijua, Mkuu, haina sehemu."

Hakucheka. Nikamwekea daftari la mtoto mezani, lile la mwezi wa tano, ukurasa mzima nusu na theluthi ni mbili ya tano, na vema zangu nyekundu kubwa kama majembe. Akaangalia, akanitazama. "Umewafundisha hivi?"

"Wiki mbili. Mpaka aliyesomea kazi hii aliponisahihisha kwa posta." Nikampa barua yako ya tarehe 2 Juni. Akaisoma amekaa. Kisha akasimama akaisoma tena akiwa dirishani. Pale penye mlango wa mbao fupi na ndefu nikaona midomo yake inatembea.

"Huyu ndiye aliyeniletea vyeti?"

"Ndiye. Nawe ukamtakia heri."

Akaikunja barua taratibu, nikadhani sasa ataniitia askari. Akasema, "Aje Jumatatu, kabla ya kengele."

Nikamwambia haitoshi, Mkuu, mimi neno la mdomo nimeshaligawa sana, nataka karatasi. Akaandika. Wiki tano kamili, kuanzia tarehe 29 Juni, mpaka tarehe 31 Julai, saini na muhuri. Iko ndani ya bahasha hii, nyuma ya ukurasa huu. Itoe uiangalie sasa hivi, usiniamini mimi.

Jumamosi panda basi la asubuhi. Karani, yule wa kikohozi, ni mama mwenye heshima zake, amekubali ukae kwake mpaka mwisho wa muhula. Ukiingia darasani, madirisha ya kushoto hayafungi vizuri, weka karatasi iliyokunjwa. Mwenye pengo anaandika kwa mkono wa kushoto, mkalishe mwisho wa dawati asigongane na mwenzake. Wana swali moja la kugawanya nimewaachia bila jibu. Nimeshindwa mwenyewe.

Leo niliwaaga, maana namalizia nao Ijumaa. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umefukuzwa?" Nikamjibu, "Hapana, nimepandishwa cheo." Unaona? Hata pale sikuweza kunyamaza.

Mimi nitaondoka Jumapili na hilihili lori likirudi. Kuna mji wa kumi, wanajenga soko, wanataka watu wa milango. Sikimbii hasira zako. Sijui tu niweke wapi uso wangu ukiingia getini na sketi ya bluu aliyoishona dada yangu. Ukizimaliza hizo tano, ukapeleka fomu, niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Dada yangu mwambie mwenyewe, yote, mimi mdomo umenikauka. Na akikuuliza habari ya kiti kinachozunguka, kilikuwa cha Mkuu, kililetwa kwangu kimevunjika mguu. Nilikitengeneza, nikakikalia mchana mmoja, nikakirudisha. Ofisi ni stoo ya viti vibovu. Cheo nilikitunga mwenyewe usiku ule nikiwa na karatasi mbele yangu na sina la kujivunia. Ile bahati niliyokutangazia tarehe 2 Machi haikuwepo. Nilikudanganya.

Mjomba wako, fundi wa madawati